Mgongo wa Mihrabu

Mkojo ukikauka juu ya jiwe la volkano, kisha jua likaupiga, hutoa harufu ya kukaba koo. Juzi nilipita Majengo nikaikuta palepale nilipoiacha utotoni, nyuma ya msikiti. Nilitema mate, ndugu zangu, wala sikuona haya.

Ukuta ule aliujenga Papa, baba yangu. Sisi tulikuwa Wakristo kutoka milima ya Masisi, lakini fundi ni fundi, na kwa kuchonga mawe meusi hakuwa na mwenzake. Waislamu walimwomba upande mmoja autokeze nje, uwe na tumbo la mviringo. Hakuuliza kwa nini. Aliujenga taratibu, akiupapasa kama ng'ombe mwenye mimba.

Saruji haijakauka vizuri, wanaume waliotoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakagundua kwamba tumbo lile linasitiri. Kila jioni, zipu chini. Nilipita hapo na bidoni ya maji kichwani, nikiziba pua. "Wacha tu, pombe haiko na macho," Mama alikuwa akisema, nami nikaamini.

Papa hakuvumilia. Siku moja alichukua chokaa, akachora pale msalaba mkubwa. "Hakuna mukristu mwenye atakojolea musalaba," akasema.

Na kweli, mkojo ukakatika. Papa akatembea kifua mbele hadi Muzee Ramazani, imamu, alipokuja kwetu. Hakufoka. "Papa Bahati, kuya uone kazi yako kwa ndani."

Tulivua viatu. Kwa ndani, tumbo lile lilikuwa kishubaka safi chenye upinde: mihrabu, upande wa Maka. "Ni hapa njo sisi wote tunainamaka," muzee akasema. Papa alishika mdomo. Nyuma ya mawe yale alikuwa amewachorea msalaba!

Aliufuta mwenyewe siku ileile, kwa maji yangu, huku akiomba radhi. Kesho yake jioni zipu zikashuka tena.

Utotoni niliwaona walevi tu. Ukubwani nikaelewa, na kinyaa kikazidi. Msalaba ulipokuwepo, walevi walewale hawakukosea hata mara moja. Waliuona, wakajibana, wakaenda kutafuta mtaro. Kumbe pombe ilikuwa na macho. Na Jumapili walikaa nasi kanisani, na padri aliposema tutakiane amani, niliishika mikono yao ileile.