Pikipiki Iliyopoa Wakati wa Maombi

Asubuhi ile, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege upande wa Kishushe, niliona pikipiki za mashindano ambazo sikujua kama binadamu amewahi kuzitengeneza. Moja ilikuwa na umbo la samaki. Nyingine, nyekundu, gurudumu lake la mbele lilishikwa na mkono mmoja tu wa chuma ubavuni, bila zile nguzo mbili tulizozoea kwenye bodaboda. Ilipotupita ilikuwa kama inaelea.

Mwenye ile nyekundu, mgeni aliyeileta kwa lori kutoka Mombasa, alikuwa amemwahidi binti yangu mzunguko mmoja. Binti yangu ni fundi wa pikipiki pale Voi, na ndiye aliyemsaidia kuisafisha injini. Adhuhuri ingerudi kwenye lori, na pengine hangeiona tena maishani.

Binti yangu akaipasha injini moto, akavaa helmeti. Lakini kwetu hakuna jambo linaloanza bila maombi, wala hatuombi injini zikinguruma. Zote zikazimwa. Mzee wa kanisa letu la Sagalla akavua kofia. Akawaombea waendeshaji. Akaombea matairi, mvua, visima, wajane, watoto wa mitihani, treni na wote waliomo. Nilifumba macho, na ile nyekundu iliendelea kuelea humo ndani. Nikamshukuru Mungu aliyempa mtu akili ya kulibuni gurudumu upya.

Tulipomaliza, binti yangu akajaribu kuiwasha. Kimya. Akanigeukia.

"Mama, imepoa."

Mgeni akatazama jua. Akina mama wa kwaya wakamwambia mzee kwamba treni angemwachia Bwana mwenyewe. Yeye akajibu polepole kwamba hata wasafiri wa ndege alikuwa hajawafikia. Tukafunga leso viunoni, tukaisukuma, mzee akiwa nasi. Ikakohoa, ikanyamaza. Tukasukuma tena. Ghafla ikashika, mikono yetu ikabaki hewani.

Binti yangu akaenda hadi mwisho wa kiwanja, mahali joto huifanya ardhi ing'ae kama maji. Akapita juu ya maji yale, mdogo kama ndege, kisha akarudi kwetu. Mgeni akainua kidole kimoja: ongeza mwingine.

Mzee, bado akihema, akavua kofia atoe shukrani. Safari hii binti yangu hakuzima injini. Mzee alipofika kwa wajane, yeye alikuwa ameshaondoka. Nikaitikia amina macho yakiwa wazi.