Mgeni wa Bweni la Columbus

Kosa lililoandikwa kwenye rekodi ya dada yangu chuoni ni mimi. Ukiipata ile karatasi, mahali palipoandikwa kwamba alimlaza bwenini mtu asiyeruhusiwa, mtu huyo ndiye anayeandika haya.

Nilikuwa nimemaliza sekondari Louisville, na kichwa changu kilikuwa kimejaa saluni. Nilitaka saluni ya kusuka yenye viti vya njano na kioo kinachofika dari. Lakini saluni haianzi hivihivi, kwa hiyo mama mmoja wa kanisani kwetu aliponiambia kuna kazi ya ghala huko Columbus, na kwamba mpwa wake ana chumba, nilipanda basi. Nilibeba begi moja na mfuko wa dagaa alionifungia Mama. Nilipofika, yule mpwa alikuwa ameolewa wiki mbili kabla na mwenye chumba alikuwa mtu mwingine kabisa, mwanamume mwenye mbwa. Nikampigia dada yangu, ambaye alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha mji uleule.

"Uko wapi?"

"Stendi ya basi. Nina dagaa."

"Njoo kwanza ule," akasema. Hakuuliza nitakaa siku ngapi, nami sikusema.

Sheria ya bweni ilikuwa siku tatu kwa mgeni, tena ajiandikishe mapokezi. Mimi nilikaa wiki tano, nikingoja ghala liniite. Mwenzake wa chumba alikuwa amehama muhula ule na kitanda chake kikabaki kitupu, na sisi hatukulelewa kupita kitanda kitupu tukamwacha ndugu alale stendi. Asubuhi dada alinipa kadi yake ya chuo nikanywe chai bwaloni. Alisema yeye asubuhi hana njaa. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Hakuna aliyekuwa ametugundua, na pengine hakuna ambaye angetugundua, kama nisingeshika ufagio. Kwetu mgeni akishazoea nyumba, anatafuta kazi ya kufanya bila kuambiwa. Ukikaa tu na kula, hata chakula chenyewe kinakushinda kumeza. Dada alipokwenda darasani, mimi nilifagia korido ya ghorofa ya tatu. Nilifuta jiko la pamoja, nikaosha sufuria ambazo wanafunzi walikuwa wameziacha kwenye sinki mpaka zimeota ukungu. Nilijiona ninashukuru. Mama aliyekuwa akisafisha bweni lile alifurahi mno, kwa kuwa magoti yalikuwa yakimsumbua. Akaenda kwa msimamizi, kwa moyo mweupe kabisa, akamwambia yuko msichana ghorofa ya tatu anayestahili kupewa cheti.

Msimamizi akapanda ngazi kuja kunishukuru. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alinipa mkono, akauliza ninakaa chumba namba ngapi ili aandike vizuri. Nikamtajia namba kwa furaha. Akatazama orodha yake. Akatazama tena. Nilimhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia, maana alionekana kama mtu aliyefungua zawadi akakuta nyoka.

Siku ile dada aliitwa ofisi ya nidhamu. Laiti angesema ukweli. Lakini aliogopa, akasema nilikuja siku mbili tu kumtembelea. Mashine za bwaloni zilikuwa zimehifadhi kila asubuhi yangu, wiki tano za kadi yake ikinywa chai saa ambazo yeye alikuwa darasani. Hivyo makosa yakawa matatu: mgeni, kadi na uongo. Akawekwa chini ya uangalizi mwaka mzima na akaandika barua ya kuomba radhi. Mimi nikarudi Louisville, nikawaambia wazazi kwamba kazi ya Columbus haikunikubali. Tukafunga midomo, yeye huko, mimi huku.

Ikapita miaka. Dada alihitimu, akarudi nyumbani, akawa anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wagonjwa kule Shively huku akijisomea mtihani wa kuingia chuo cha udaktari. Udaktari aliutaka tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, siku alizokuwa akimsindikiza Mama kliniki na kurudi akitupima joto kwa kijiti. Mtihani akaufaulu. Jumamosi moja baada ya chakula alikaa mezani kwetu, mtaa wa Iroquois, akijaza fomu kwenye kompyuta, nami nimesimama nyuma yake ninamsuka. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa alipoacha kuandika.

"Umefika wapi?" nikauliza.

Akanionyesha kwa kidole. Swali lilikuwa fupi: Je, umewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu chuoni? Ndiyo au hapana.

Baba akaingia akitoka shifti, bado ana viatu vya kazi. Alitukuta sote wawili tumeikodolea macho kompyuta.

"Swali gani limewashinda?"

Dada akamweleza lote, tangu stendi mpaka ofisi ya nidhamu. Alimweleza huku nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, nami sikujua niendelee kusuka au niache. Baba alikaa. Akanitazama mimi.

"Kwa hiyo ulikuwa unalala kwake."

"Ndiyo, Baba."

"Na ukaniambia unalala kwa mpwa wa yule mama."

"Ndiyo."

"Mmenidanganya kwa zamu."

Mama akasema kutoka jikoni, "Hata mimi ningemlaza. Ulitaka alale na yule mwenye mbwa?"

Baba akavua kiatu kimoja, akakishika. "Andika hapana," akamwambia dada.

Lazima nieleze hapo, maana baba yangu si mwongo. Ni mtu anayerudisha kalamu aliyoazima benki. Lakini alikaa kambini miaka mingi akingojea faili letu la kuhamishiwa huku lisogee, na kule alijifunza jambo moja: ulichosema siku ya kwanza ya usaili ndicho utakachosema mpaka siku ya mwisho. Jirani yetu alikumbuka baadaye kwamba mama yake alizaliwa mwaka mwingine, akaenda kurekebisha kwa nia njema. Sisi tulipopanda basi la kwenda uwanja wa ndege, yeye alibaki akitupungia mkono. Baba hajausahau mkono ule. Kwake faili ni mtoto aliyelala. Hulisogelei wala hulifuniki upya.

"Baba, watakiuliza chuo cha Columbus," dada akasema. "Na chuo kitajibu. Nimeongea na mshauri wetu wa chuo. Amesema wengi huingia wakiwa na makosa kama hili. Wasioingia ni wanaoficha."

"Huyo mshauri amewahi kukaa kambini?"

"Hapana."

"Basi."

Dada hakubishana. Aligeuka akaniambia nimalizie nywele. Lakini nilimwona alivyobonyeza: ndiyo.

Ndiyo peke yake haitoshi. Wanataka barua fupi: ulifanya nini, kwa nini, umejifunza nini. Aliiandika wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata akanipa niisome. Kiingereza changu ni cha maboksi ya ghala nililopata kazi hapa Louisville, hivyo nilisoma polepole, kidole kwenye mstari. Ilikuwa barua nzuri yenye maneno marefu. Mwanafunzi alimkaribisha mtu aliyemfahamu. Palikuwa na kutoelewana kuhusu muda wa kukaa. Mwanafunzi amekua.

"Mbona simo?" nikauliza.

"Humo wapi?"

"Humu. Huyu mtu uliyemfahamu ni nani? Na hapa, kutoelewana. Nani hakuelewana na nani? Sisi tulielewana vizuri tu. Ulidanganya na mimi nikala."

Alicheka, halafu macho yakamjaa machozi. "Sitaki uwe kwenye karatasi za watu," akasema. "Wewe ni mdogo wangu. Kosa nimefanya mimi."

Nikajua hapo kwamba alikuwa bado ananipa kadi yake asubuhi, na bado anasema hana njaa.

"Niweke," nikamwambia.

Baba alikuwa kwenye kochi, gazeti la matangazo ya maduka usoni, anasikia kila kitu. "Mtu haongezwi kwenye faili lililokwisha kufungwa," akasema nyuma ya gazeti.

Sikupanga kusema nilichosema. Mimi nilizaliwa kambini, wakati faili la familia yetu liko karibu kukamilika. Hadithi hiyo kwetu husimuliwa kila Krismasi. Watu walimshauri Baba asinitaje. Nitapandishwa ndege mgongoni, walisema, mambo mengine yatatengenezwa hukohuko. Baba akanifunga kitenge, akanipeleka ofisini, akasema yupo mwingine. Faili likarudi chini kabisa ya rundo. Tulipokuja kuondoka nilikuwa nimeshang'oa meno ya utoto.

"Baba," nikasema, "mimi uliniongeza."

Gazeti halikutikisika. Mama alitokea mlangoni akifuta mikono. Kisha Baba akalikunja mara mbili, mara tatu, likawa dogo kama bahasha.

"Nilikuongeza," akasema. "Ulikuwa unalia ofisi nzima." Akamgeukia dada. "Andika upya. Na lile la siku mbili uliandike lilivyo, usilivalishe suti."

Barua ya pili ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Alisema alimlaza mdogo wake aliyekosa pa kukaa, akampa kadi yake, na alipoulizwa akadanganya kwa hofu. Alisema kumpokea hakujutii, ila anajuta kwamba hakugonga mlango wa msimamizi siku ya kwanza kuomba msaada, na kwamba tangu hapo, kazini kwake, akikosea dozi au saa, husema kabla hajaulizwa. Niliisoma bila kuweka kidole.

Vyuo kadhaa vilikataa na vingine havikujibu kabisa. Kimoja cha Buffalo kikamwita kwenye usaili. Nilimwendesha mimi kwa gari la Baba. Tulipita Columbus, na kwenye kituo cha mafuta nje ya mji dada akaniambia, "Usishike ufagio wa mtu hapa." Tulilala Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, kwa shangazi mmoja wa kambini, ambaye alitupikia ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kana kwamba usaili ni wa kula. Asubuhi nilimsubiri dada garini, madirisha yamefungwa, nikiota viti vya njano ili nisiwaze kingine. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Sijui nilidhani nitaitwa kutoa ushahidi.

Alirudi anatembea taratibu.

"Waliuliza?"

"Waliuliza. Daktari mmoja mzee, mama. Alikuwa na barua mkononi." Akafungua mlango, akakaa. "Akaniuliza, sasa huyo mdogo wako anakaa wapi siku hizi? Nikamwambia yupo chini kwenye gari."

"Akasemaje?"

"Alikwenda dirishani kukutazama. Akasema anaonekana amevaa kwa ajili ya sherehe."

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi, na lilikuwa la kukubaliwa. Baba aliomba asomewe mara mbili, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, sheria za wageni za huko Buffalo zikoje.

Dada hakukaa bweni. Alipanga chumba, na kabla ya kutia sahihi alimwuliza mwenye nyumba kuhusu wageni. Akanitumia picha ya mkataba kwa simu. Chini, kwenye mstari wa watu wanaoruhusiwa kulala, kulikuwa na jina langu kwa herufi kubwa. Nimeihifadhi picha hiyo karibu na ile ya kiti cha njano nilichokiona dukani.

Siku nilipofika kumtembelea alikuwa bado hajafungua maboksi. Nikatua begi, nikatafuta ufagio, nikaupata nyuma ya mlango.

"Rudisha," akasema. "Njoo kwanza ule."

Sahani zilikuwa mbili mezani. Nilingoja mpaka aanze yeye.