Swali la Lugha ya Nyumbani

Nilisoma kwa ufadhili katika shule ya bweni ya kimataifa upande wa Rongai, karibu na Nakuru. Mwaka wa 2008 tulifungua shule tukiwa tumechelewa kwa sababu ya fujo za baada ya uchaguzi, na tukakuta mwanamke mgeni. Tuliambiwa ni madam wa ustawi, kazi yake kusikiliza shida za wanafunzi. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, akaanza kutuita mmoja mmoja.

Mwenzangu wa chumbani, binti wa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini Nakuru, aliitwa kabla yangu. Nilimuuliza walichozungumza. Akasema ni mambo ya kawaida tu: analala vipi, nyumbani ni wapi, nyumbani wanaongea lugha gani. Yeye hakuona neno. Mimi niliona. Siku zile watu walikuwa wameulizwa swali hilohilo, la kujua kabila, kwenye vizuizi vya barabarani, na si wote waliojibu waliopita.

Zamu yangu ilipofika, alinikaribisha chai. Sikuigusa. Nilimwambia nakaa Nakuru, mtaa wa Free Area, kwa shangazi, na kwamba sisi tunaongea Kiswahili. Akaomba namba ya simu, nikamtajia ya kwanza iliyonijia. Ukweli ni kwamba kwetu ni Mau Narok. Wazazi wangu walikuwa wamekimbia shamba, wanalala kwenye hema uwanja wa maonyesho Nakuru. Shangazi sikuwa naye.

Aliandika maneno mengi kuliko niliyosema.

Tangu hapo nilimchunga. Nikimwona akiongea na askari wa geti, nilihesabu ananiongelea mimi. Akienda kwa mwalimu mkuu na daftari lake, nilijiuliza litaishia mikononi mwa nani. Nilimwonya mwenzangu asimwambie zaidi. Akanijibu kwamba nimeanza kuogopa hata kivuli changu.

Likizo fupi ilipokaribia, orodha ilibandikwa nje ya bwalo: wanafunzi wasio na pa kwenda, watakaobaki shuleni chini ya uangalizi wa madam. Nilikuwa nimejiandaa kukimbia siku jina langu litakapotokea mahali. Sasa halikuwepo, na sikuwa na pa kwenda.

Nikaenda kwake. "Madam, nilikudanganya."

"Najua. Namba uliyonipa ni ya kinyozi."

"Mbona basi hukuniandika?"

"Ningebandikaje ukutani jambo ambalo wewe mwenyewe umelificha?"

Nikamweleza wazazi wangu walipo. Nilibaki shuleni, ingawa jina langu halikuongezwa kwenye karatasi ile. Jumamosi alinipeleka kuwaona wazazi, na blanketi mbili amezibeba mwenyewe. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kibarua. Mama alizipokea, akashukuru kwa adabu, akanivuta nyuma ya hema.

"Huyu mama ni wa wapi?"

Nilisema sijui. Kweli sikujua, sikuwahi kumuuliza.

"Na wewe umemwambia nini juu yetu?"

Nikamweleza Mama yote niliyomwambia madam, uongo na ukweli. Mama akarudi mbele ya hema, akamkaribisha madam kwenye kiti cha pekee tulichokuwa nacho. Madam alipomuuliza jina, ili amwombee msaada zaidi, Mama alimtajia jina ambalo sikuwahi kulisikia. Madam aliliandika. Mimi nilikuwa katikati yao, na sikulisahihisha.