Mstari wa Sonia

Watu wa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi karibu na mji wa Mbarara, walimjua Bénédicte kwa mambo mawili: ndagala zake, yaani dagaa alizouza bila kumpunja mtu, na ukuta wake. Wanawake wenzake walipaka kuta zao udongo mweupe wakachora maua. Yeye aliwaachia watoto wake waandike mashairi kwa makaa. Majirani walicheka weee. Mvua zikija, ukuta unapakwa upya, mashairi yanafutika, wanaanza mengine.

Shairi lenyewe lilikuwa jepesi, alilojifunza kanisani kule Fizi alikotoka. Kila mtu anatoa mstari mmoja unaoanza na "Nakumbuka", na sheria ni moja tu: andika ulichokiona mwenyewe. Karibu kila jioni walimwandika baba yao, Nestor, aliyebaki nyuma siku kijiji kilipovamiwa, akisema atawafuata. Gradi, mkubwa, alikumbuka baiskeli ya baba. Perpétue alikumbuka kikohozi chake. Sonia, kitinda mimba, hakuwa na kitu. Walipovuka mto Ruzizi yeye alikuwa bado tumboni.

"Mama, miye sina," alisema kila mara, akirudisha mkaa. Hata kumtazama kulikuwa kunauma.

Siku moja Bénédicte alishindwa. "Wewe ulikuwa mutoto kidogo sana, ni vile umesahau," akamwambia. "Baba yako alikubeba ku mabega, tukavuka Ruzizi."

Gradi, aliyejua ukweli, alimtazama mama yake, kisha akainama akachokonoa ardhi kwa kidole. Na Sonia! Aliuandika mstari ule ukutani, akauimba kwenye bomba la maji, akawasimulia hata mbuzi wa watu. Tangu hapo alitembea kama mtoto mwenye baba.

Bénédicte mwenyewe hakujiita mjane. Hakuna aliyemletea habari ya kifo, basi hakukaa matanga, na aliyethubutu kumwita mjane alinunua ndagala kwingine.

Mwaka 2011 waumini wenzake walimletea habari kwamba Kabanda, kaka mkubwa wa Nestor, amefika Mbarara na kupanga chumba mtaa wa Nyamityobora. Bénédicte aliwaogesha watoto, akawapaka mafuta mpaka wakang'aa, wakaenda Jumamosi, siku ambayo wao huiita Samedi. Moyoni alikuwa na swali moja tu: Nestor yuko wapi?

Kabanda aliwapokea kwa machozi. Alipoulizwa swali hilo, alijibu, "Mama Gradi, tukule kwanza."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Kwao mtu hapewi habari ya kifo akiwa na njaa. Analishwa kwanza, ndipo anaambiwa. Bénédicte aliijua desturi hiyo tangu utoto, tena aliwahi kuwafanyia wengine hivyohivyo. Lakini tumaini humfanya mtu mjinga, naye alisikia chakula tu. Ugali ukiwa bado jikoni, akasema kwa majivuno, "Shemeji, ngoja batoto bakusomee kitu."

Gradi akasema mstari wake akitazama sakafu. Perpétue akasema wake. Kisha Sonia akasimama katikati ya chumba, kifua mbele: "Nakumbuka baba alinibeba ku mabega, tukavuka Ruzizi."

Kabanda akaweka kikombe chini. Maskini, alikuwa amejikaza tangu asubuhi, sasa akashindwa. "Nani alimufundisha huyu mutoto maneno hii? Nestor nilimuzika miye, na mikono yangu, siku ileile mulikimbia. Huyu alikuwa hajazaliwa bado."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bénédicte ilimfikisha Mbarara, na huko ikampokonya mume na mtoto kwa mara moja. Alianguka chini akalia kilio alichokiahirisha miaka yote. Perpétue akamkumbatia. Sonia hakulia. Alisimama palepale mpaka ugali ukaletwa, ukapoa, na hakuna aliyeugusa.

"Sasa nani alinibeba?" aliuliza mwishowe.

"Ni miye," mama yake akajibu kutoka sakafuni. "Mu tumbo."

Mtoto akatikisa kichwa. Hakuwa ameuliza habari za mama.

Waliporudi Rubondo, Bénédicte alikaa matanga. Majirani walewale waliokuwa wakimcheka walileta kuni na maharage, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Siku zote hizo Sonia alimjibu mama yake "ndiyo" na "hapana", basi. Bénédicte hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe mpaka akakonda.

Matanga yalipoanuliwa, Sonia alichukua mkaa bila kuambiwa. Alilowesha kiganja, akafuta mstari wake wa zamani, akaandika polepole: "Nakumbuka baba alikufa Mbarara, siku ya Samedi, kabla tukule."

Gradi akafungua kinywa amsahihishe, kwamba baba alifia Fizi, tena zamani. Bénédicte akamshika mkono.

"Acha," akasema. "Kwake yeye alikufa kule."