Maneno Yasiyokuwemo kwenye Filamu

Ukitaka kumjua Badru, ingia banda lolote la video pale Temeke ukasikilize. Kazi yake ni kuzitia filamu za Kizungu maneno ya Kiswahili, na maneno anayo, si haba. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini nani wa kumkosoa? Asipoelewa hutia chumvi, na akielewa huongeza pilipili.

Filamu iliyompa jina ni ya bondia mmoja choka mbaya, anayepigwa mpaka anakwenda chini. Kocha wake analia kwenye kona, anamsihi abaki hapohapo, yaishe. Hayo Badru aliyaelewa vizuri sana. Ila wateja hawatoi kiingilio waje kusikia habari za kubaki chini, basi akamtia kocha yule maneno yake mwenyewe: "Inuka, mwanaume! Nyumbani watakula nini?" Na bondia, mbishi kweli, akainuka akashinda. Banda likalipuka. Siku hizi hata watoto wa Chang'ombe wanayajua maneno hayo kwa ghibu.

Aliyeyaamini kuliko wote ni mdogo wake, Mwishehe, kuli wa Kurasini. Kwa ajili ya filamu ile akaingia kwenye ngumi. Alikuwa amepanda ulingoni mara sita, amepoteza nne, na kila alipoangushwa Badru alimpigia kelele zilezile, akainuka. Tangu pambano la sita kichwa kilikuwa kinamuuma, na kijiko kilimponyoka akiwa anakula. Mama yao alisema ni uchovu wa mizigo. Badru hakuamini, na moyoni alijua nani wa kulaumiwa.

"Mdogo wangu, hili tuliache," alimwambia Jumamosi ya pambano la saba, akitazama anavyofungwa bandeji mikononi.

"Braza, we nipigie kelele tu kama siku zote. Mie nikikusikia naamka."

Raundi ya nne, bondia wa Kinyerezi alimpata chini ya sikio. Mwishehe akaanguka kifudifudi, jicho moja wazi, mkono wa kushoto ukitetemeka. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Badru alishika kamba, akaitoa yote ile sauti iliyomlisha miaka kumi na miwili.

"Kaa chini! Mwishehe, kaa chini, yaishe!"

Lakini ukumbi ulikuwa umeshasimama. Watu mia tatu, karibu wote wateja wake, kwa pamoja: "Inuka, mwanaume! Nyumbani watakula nini?" Wakarudia huku wakigonga viti. Badru alipiga kelele mpaka koo likakwaruza, asijisikie hata mwenyewe. Akamgeukia kocha wa Mwishehe, mwenye taulo begani, amwombe alitupe ulingoni pambano likome. Kocha naye alikuwa akiimba na wenzake, machozi ya furaha yanamtoka.

Mwamuzi alipofika nane, Mwishehe alikuwa amesimama. Ngumi mbili tu zilitosha.

Siku ya tatu ndipo alipofumbua macho, hospitalini. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, ikabidi Badru ainame amsikie.

"Nilishachoka, braza. Nikasema nilale tu." Akapumzika kidogo. "Ndo nikakusikia."

Badru alifungua mdomo. Mama yao, aliyekaa upande wa pili wa kitanda, alimshika mkono, akamshukuru kwa kutomwacha mwenzake peke yake.