Siku Nilipomkamata Samaki kwa Kosa la Kula Watoto

Nilikuwa nimeapa kuzikwa na aibu hii, ila wenzangu ninaokaa nao mtaa wa Najma hapa Doha wanaisimulia kwa chumvi nyingi mno, kwa hiyo bora nijiaibishe mwenyewe kwa bei yangu.

Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye hoteli moja mtaa wa Al Sadd, na jua la Julai Doha halichomi, linakaanga. Nikasikia tajiri mwenye hoteli ameweka tangi la samaki mapokezi, mbele ya kiyoyozi kabisa, na msimamizi wetu Mwangi, Mkenya, anatafuta mtu wa kulitunza. Nikamwambia mimi wa Mwanza, samaki nawajua tangu utoto (kweli nawajua, wakiwa na ndimu). Nikamdai na kiti pia, akanipa vyote.

Sasa kulikuwa na jike mmoja wa mabaka, wa Ziwa Nyasa, hali kitu, kidevu kimevimba. “Amefunga,” nikawa nawaambia wageni, uso wa daktari.

Asubuhi moja nikakuta vitoto mbele yake, kumi na tisa. Nikagonga kioo wasogee nihakikishe hesabu, jike akaachama, wote wakaingia mdomoni. Nikahesabu tena: sifuri.

“Kala watoto wake!”

Ukumbi mzima ukageuka, tena siku hiyo ulijaa watu wa harusi wanaosubiri vyumba. Ningenyamaza, lakini mlinzi ni mlinzi: nikamvua mhalifu kwa chujio la jikoni, maji yakamwagikia zulia na kanzu ya babu mmoja, nikamtia kwenye ndoo, nikaanza kuwahutubia kwamba kumbe alikuwa hali kwa sababu anangoja nyama laini.

Katikati ya hotuba samaki akafungua mdomo, akawatema wote, wazima, wanaogelea. Simu zikainuliwa. Babu akacheka mpaka akashika meza.

Dada wa mapokezi, Mganda, alikuwa ameshapekua mtandaoni. “Ssebo, bwana wee, huyu analea mayai na watoto mdomoni, ndiyo maana hali. Akiona hatari anawarudisha ndani.”

“Hatari gani?” nikauliza.

Wakaniangalia wote.

“Wee, si ulisema unawajua?” Mwangi akauliza.

“Kaka, sisi tunawajua wakishakufa.”

Mchana huo nilikuwa getini, bila kiti.

Mwezi uliofuata, jua bado linakaanga, Mwangi akanifuata: tajiri kaleta kasuku mapokezi, je, najua mambo ya ndege?

Nikamwambia, kaka, tangu nizaliwe sijawahi kuona ndege.