Ngamia wa Kanada

Juzi niliona kwenye simu watu wakicheza mpira wa magongo juu ya barafu, nikasikia upya harufu ya dizeli na chai ya maziwa ya ngamia. Mchana mmoja nikiwa mtoto, kijijini kwetu Griftu, jua likikaanga mawe, mwenye hoteli aliwasha jenereta akatuwekea filamu ya fainali za mchezo huo huko Kanada, za enzi za mababu. Kanada ndiko alikohamia baba. Mimi niliona wachungaji wenye fimbo wakihangaika kwenye uwanja wa chumvi.

"Ayeeyo," nilimuuliza bibi, "ngamia wao wako wapi?"

"Wamepotea, mjukuu wangu. Huoni wanavyokimbia?"

Kumbe ndiyo sababu baba hajarudi, anawasaidia kutafuta! Hoteli nzima ilishangilia mabao hadi mabati yakataka kung'oka. Mimi peke yangu niliomba ngamia wapatikane.